Kuchagua Prosesa na Vifurushi vya Programu kwa Kompyuta za Shule: Mfano wa Mfumo wa Debian

Shule ya sekondari ipatapo kompyuta, ziwe mpya au zilizokwisha kutumika mahali pengine, jambo la kwanza linaloulizwa ni idadi yake. Swali ambalo lingestahili kutangulia huulizwa kwa nadra: kompyuta hizi zina prosesa za aina gani, na ni programu zipi zitakazoweza kutumika ndani yake kwa miaka mitano au kumi ijayo? Kompyuta ishirini zisizoweza tena kupata programu mpya wala marekebisho ya usalama ni mzigo juu ya meza. Kwa upande mwingine, kompyuta kuukuu iliyokwisha kukatiwa tamaa huweza kufundishia vizuri, iwapo mwalimu anajua mambo machache kuihusu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo hayo machache. Mfano tutakaoutumia ni Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya jamii ya Unix. Tumeuchagua kwa sababu hutolewa bila malipo, huendeshwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, na maamuzi yake kuhusu aina za prosesa hutangazwa waziwazi. Kanuni zitakazoelezwa, hata hivyo, zinahusu pia mifumo mingine ya jamii hiyo.

PROSESA NA LUGHA YAKE

Prosesa ni sehemu ya kompyuta ifanyayo hesabu na kutekeleza maagizo. Kila agizo huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, ambazo kila moja huitwa biti; biti nane hufanya baiti moja. Prosesa haielewi Kiswahili wala Kiingereza, na hata lugha za programu kama C haizielewi moja kwa moja. Inachokielewa ni orodha maalumu ya maagizo iliyowekwa na wale walioibuni. Orodha hiyo, pamoja na idadi na ukubwa wa rejista, yaani vihifadhi vidogo vya namba vilivyomo ndani ya prosesa, na namna ya kuzitaja anwani za kumbukumbu, ndiyo iitwayo usanifu wa prosesa.

Prosesa mbili za usanifu tofauti ni kama watu wawili waliokubaliana na jamaa zao juu ya ishara tofauti. Tuchukue mfano. Katika prosesa za ukoo wa Intel 8086, baiti moja yenye thamani ya 195 ni agizo kamili: huiamuru prosesa itoke katika sehemu ya programu iliyokuwa ikiitekeleza na kurudi pale ilipoitwa. Katika prosesa ya ARM ya biti 64, kila agizo huchukua baiti nne, na kwa hiyo baiti hiyo peke yake si agizo lolote. Hii ndiyo sababu programu iliyotayarishwa kwa prosesa ya kwanza haiwezi kutekelezwa na ya pili, hata kama kompyuta zote mbili zina kumbukumbu ya kutosha na skrini nzuri.

Koo tatu za usanifu zinamhusu zaidi mwalimu wa leo.

Ukoo wa kwanza ulianza na prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978, iliyokuwa ya biti 16. Mwaka 1985 ilitoka 80386 ya biti 32, na mwaka 2003 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za biti 64 zilizoendelea kuzielewa programu za zamani. Intel nayo ikaufuata usanifu huo. Ndiyo maana katika Debian usanifu wa biti 32 wa ukoo huu huitwa i386, na ule wa biti 64 huitwa amd64. Jina hili la pili huwapoteza wengi: kifurushi cha amd64 hufanya kazi sawasawa katika kompyuta yenye prosesa ya Intel ya biti 64.

Ukoo wa pili ni ARM, uliozaliwa katika kampuni ya Acorn huko Cambridge, Uingereza, na ambao prosesa yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985. Simu nyingi za mkononi hutumia prosesa za ukoo huu. Usanifu wake wa biti 64 ulitangazwa mwaka 2011. Katika Debian utakuta majina armhf kwa biti 32 na arm64 kwa biti 64.

Ukoo wa tatu ni RISC-V, ulioanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Sifa yake kubwa ni kwamba maelezo ya usanifu wake yako wazi, na yeyote aruhusiwa kutengeneza prosesa ya namna hiyo bila kulipia haki ya kuutumia usanifu wenyewe. Katika Debian huitwa riscv64.

KWA NINI UNIX HUWEZA KUHAMA

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwanzoni iliandikwa kwa maagizo ya kompyuta moja tu, PDP-7. Kuihamishia kwenye kompyuta nyingine kulimaanisha kuiandika upya. Mwaka 1973 sehemu kubwa ya mfumo huo iliandikwa tena kwa lugha ya C, ambayo Ritchie aliibuni. Programu iliyoandikwa kwa C hupitishwa katika kompaila, yaani programu ifasiriyo maandishi ya mwanadamu kuwa maagizo ya prosesa fulani. Ukibadili kompaila, maandishi yaleyale huweza kuzaa maagizo ya prosesa nyingine. Katika miaka ya 1977 na 1978 Unix ilihamishiwa kwenye kompyuta za Interdata, na kazi hiyo ilifanywa mahali pawili: katika maabara za Bell na katika Chuo Kikuu cha Wollongong huko Australia.

Mifumo iliyofuata ilirithi tabia hiyo. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, alitoa Linux, kiini cha mfumo endeshi alichokiandika kwa ajili ya prosesa ya 80386. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, ambamo kiini hicho na programu nyingine nyingi hukusanywa na kupangwa pamoja.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kompaila humaliza kazi yote. Mwandishi wa programu huweza kuwa amechukulia kwamba anwani ya kumbukumbu daima huchukua baiti nne, au kwamba katika namba yenye baiti nyingi ile ndogo hutangulia. Dhana hizo zikiwa kweli katika prosesa moja na uongo katika nyingine, programu itafasiriwa bila malalamiko na kisha itoe majibu yenye makosa. Hivyo basi, kila usanifu unahitaji mashine za kufasiria programu, na watu wa kuzijaribu na kuzirekebisha. Usanifu ukikosa watu hao huondolewa katika orodha, hata kama kompyuta zake bado zinawaka.

KIFURUSHI CHA PROGRAMU

Programu za Debian hazitolewi moja moja ovyo, bali hutolewa katika vifurushi. Ndani ya kifurushi mna programu yenyewe iliyokwisha kufasiriwa, maelezo yake, na lebo. Lebo hiyo hutaja jina la kifurushi, toleo lake, usanifu wa prosesa, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo chenyewe hukitegemea. Mtumiaji akiagiza kifurushi kimoja, programu iitwayo apt husoma lebo, hutafuta vile vinavyotegemewa, kisha vya kutegemewa na hivyo, mpaka orodha ikamilike. Toleo la 13 la Debian, lililotolewa Agosti 2025, lina vifurushi zaidi ya 69,000.

Baadhi ya vifurushi havina usanifu maalumu, na lebo zao huandikwa neno all. Hivyo ni vile visivyo na maagizo ya prosesa ndani yake: picha, kamusi, maelezo, na programu za lugha kama Python ambazo hufasiriwa wakati zinapotumika. Stellarium, programu ionyeshayo anga na nyota, ni mfano mzuri kwa mwalimu wa Fizikia au Jiografia. Programu yenyewe hufasiriwa mara nyingi, mara moja kwa kila usanifu. Lakini data za nyota zimo katika kifurushi cha peke yake ambacho ni kimoja kwa prosesa zote. Nyota ni zilezile, mashine ndizo zinazotofautiana.

BITI 32 AU BITI 64?

Hapa ndipo uamuzi wenye gharama unapofanywa. Anwani ya biti 32 huweza kutaja mahali 2 kwa kipeo cha 32, yaani baiti 4,294,967,296, ambazo ni sawa na gigabaiti 4. Programu moja haiwezi kuona zaidi ya hapo kwa wakati mmoja. Anwani ya biti 64 huondoa kizuizi hicho, lakini si bure: kila anwani iliyohifadhiwa sasa huchukua baiti 8 badala ya 4, na kwa hiyo programu ileile hula kumbukumbu zaidi kidogo. Katika kompyuta yenye gigabaiti 1 tu, tofauti hiyo huonekana.

Jambo la pili ni saa. Mifumo ya jamii ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za dunia. Hesabu hiyo ikihifadhiwa katika namba ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi, namba kubwa kabisa inayowezekana ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde ifuatayo, namba itageuka kuwa hasi na kompyuta isiyorekebishwa itadhani kwamba ni Desemba 1901. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza leo atakuwa mtu mzima kazini siku hiyo.

Debian 13 ilichukua hatua juu ya mambo haya. Katika sanifu za biti 32 zilizobaki, kama armhf, namba ya wakati ilipanuliwa kuwa ya biti 64. Kwa i386 haikupanuliwa, kwa sababu kazi iliyobakia kwa usanifu huo ni kuendesha programu za zamani zilizokwisha kufasiriwa kwa namba fupi. Aidha, kuanzia toleo hilo Debian haitoi tena kiini wala kisakinishi cha i386. Vifurushi vyake vimekusudiwa kutumika ndani ya kompyuta ya amd64. Toleo la 12, la mwaka 2023, ndilo la mwisho lililoweza kusakinishwa katika kompyuta ya ukoo wa Intel isiyojua biti 64.

Maana yake kwa shule ni hii: kompyuta ndogo za mkononi za mwaka 2008 hivi zenye prosesa ya Intel Atom N270, ambayo ni ya biti 32 tu, zimefika mwisho wa njia katika Debian. Bado zaweza kuwekewa mfumo mwingine wa jamii ya Unix, kama NetBSD, ambao katika toleo lake la 10 la mwaka 2024 uliendelea kuhudumia i386. Zaweza pia kufundishia kuandika programu za C bila kuunganishwa na mtandao. Lakini shule inayopewa au kuuziwa kompyuta za namna hiyo leo haina budi kujua inachokipokea.

JINA LA UKOO HALITOSHI

Kosa jingine ni kudhani kwamba kujua ukoo wa prosesa kunatosha. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyotolewa mwaka 2012 ilikuwa na prosesa ya ARM ya kizazi cha sita. Usanifu wa armhf wa Debian ulikusudiwa kizazi cha saba, na vifurushi vyake vilikuwa na maagizo ambayo prosesa hiyo ya kizazi cha sita haikuyajua. Prosesa ikutanapo na agizo isilolijua husimamisha programu papo hapo. Kwa hiyo watu wa kujitolea waliyafasiri upya maelfu ya vifurushi vya Debian kwa ajili ya kompyuta hiyo moja, na mfumo uliopatikana uliitwa Raspbian. Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016 ilikuwa na prosesa ya biti 64, na ndiyo iliyofungua njia ya kutumia arm64.

JINSI YA KUITAMBUA PROSESA

Katika mfumo wowote wa Linux, andika amri uname -m. Majibu ya kawaida na usanifu wa Debian unaolingana nayo ni haya:

x86_64: amd64
i686: i386
aarch64: arm64
armv7l: armhf
riscv64: riscv64

Tahadhari moja yahitajika. Amri hiyo hutaja usanifu wa kiini kinachoendesha kompyuta, na si lazima kiwe kimetumia uwezo wote wa prosesa. Kompyuta yenye prosesa ya biti 64 iliyosakinishiwa mfumo wa biti 32 itajibu i686. Kwa hiyo tumia pia amri lscpu na utazame mstari utajao namna za utendaji. Ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, prosesa yako yaweza kupokea amd64. Yamkini kompyuta nyingi zilizotupwa kwa kuitwa za zamani zingeokolewa kwa kusoma mstari huo mmoja.

KUCHAGUA VIFURUSHI

Baada ya prosesa kujulikana, uchaguzi wa vifurushi uongozwe na mambo matatu: kazi inayokusudiwa, kumbukumbu iliyopo, na mtandao.

Kwanza, kazi. Anza na somo, si na programu. Kalzium huonyesha jedwali la elementi kwa somo la Kemia. Maxima hufanya aljebra kwa herufi. GNU Octave na R hufaa kwa hesabu na takwimu. Kompaila ya gcc na lugha ya Python hufaa kwa wanaojifunza kuandika programu. LibreOffice hutosheleza kazi za ofisi, na kifurushi cha hunspell-sw huongeza kamusi ya kusahihishia tahajia ya Kiswahili. Ikumbukwe kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Kwa shule isiyo na mtandao wa kuaminika, Kiwix huwezesha kusoma nakala ya kamusi elezo nzima kutoka kwenye diski.

Pili, kumbukumbu. Mazingira ya skrini ndiyo yaliyo rahisi kubadilishwa. GNOME hupendeza lakini huhitaji kumbukumbu nyingi; Xfce na LXQt hutosheka na kidogo. Kompyuta yenye gigabaiti 2 ipewe mojawapo ya hayo mawili ya mwisho. Hali kadhalika, usisakinishe vifurushi usivyovihitaji: kila kimoja huja na vile kinavyovitegemea, hujaza diski, na huongeza idadi ya vitu vitakavyohitaji marekebisho ya usalama.

Tatu, mtandao. Tuseme kila kompyuta yahitaji megabaiti 1,500 za vifurushi, na maabara ina kompyuta 20. Kila moja ikijipakulia yenyewe, shule italipia megabaiti 30,000. Lakini kompyuta moja ikiwekewa programu ya apt-cacher-ng, ambayo huhifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa na kuwapa wengine nakala, shule italipia takribani 1,500 tu. Sasa angalia: ikiwa kompyuta 10 ni za amd64 na 10 ni za arm64, vifurushi havifanani isipokuwa vile vya all. Gharama itakaribia kuwa maradufu, na mwalimu atakuwa na mifumo miwili ya kutunza. Hii ndiyo hoja kubwa ya kuwa na usanifu mmoja katika maabara moja kila inapowezekana.

Mahali penye umeme wa jua, hesabu nyingine huingia. Kompyuta ya mezani itumiayo wati 60, ikiwashwa saa 5 kwa siku, hutumia saa-wati 300. Ishirini za namna hiyo hutumia 6,000. Kompyuta ndogo za ARM zitumiazo wati 6 kila moja zingetumia 600, mbali na skrini. Tofauti hiyo huweza kuamua kama paneli na betri za shule zitatosha au la. Kwa shule hiyo, arm64 yaweza kuwa chaguo bora hata kama kompyuta za amd64 zatolewa bure.

HITIMISHO

Uchaguzi wa prosesa na programu si jambo la wauzaji peke yao. Mwalimu aliye na amri mbili na kalamu aweza kujua kabla ya kutia sahihi ikiwa kompyuta anazopokea zina miaka mingi mbele yake au hazina. Kwa muhtasari: tambua usanifu kwa vipimo, si kwa umbo la kompyuta, hakikisha kwamba usanifu huo bado una watu wanaoutunza, pendelea biti 64 pale kumbukumbu inaporuhusu, tumia usanifu mmoja katika maabara moja, na chagua vifurushi kutokana na somo. Tumezoea kusema kwamba kupanga ni kuchagua. Katika chumba cha kompyuta, asiyechagua huchaguliwa na aliyemletea mashine.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Anwani ya biti 16 huweza kutaja baiti ngapi? Linganisha jibu lako na ukubwa wa picha moja iliyopigwa kwa simu.

2. Kokotoa ni miaka mingapi hivi iliyomo katika sekunde 2,147,483,647. Je, jibu lako ukilijumlisha na 1970 linakubaliana na makala haya?

3. Maabara ina kompyuta 12 za amd64 na 6 za arm64. Kila moja yahitaji megabaiti 1,500, ambazo 300 kati yake ni za vifurushi vya all. Ikiwa kuna kompyuta ya kuhifadhi nakala, shule italipia megabaiti ngapi kwa jumla?

4. Tambua usanifu wa kila kompyuta iliyo shuleni kwako, kisha uandike orodha ya zile zinazoweza kupokea toleo jipya la mfumo endeshi wake na zile zisizoweza.